Matumbawe ya sebuleni: umeuliza yalikotoka?

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa nchi kavu na bahari. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake, Masahaba wake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona ukurasa wa Ijumaa ukizungumzia matumbawe ya baharini, tena ukiyazungumzia kutokea Mwandoya, wilayani Meatu, mkoani Simiyu. Hapa ni bara. Wapo wazee wa huku waliozaliwa, wakalima pamba, wakachunga ng'ombe na kuzeeka bila kuiona bahari kwa macho yao. Lakini siku hizi bahari nayo inasafiri. Kijana akirejea kutoka Dar es Salaam au Zanzibar huja na jiwe jeupe lenye matawi, akaliweka juu ya kabati, kando ya picha ya Al-Kaaba. Mwingine aliyekwenda kutafuta riziki Muscat, Dubai au London huwatumia wazazi wake kwa simu picha ya tangi la kioo lenye matumbawe hai, yenye rangi za zambarau na kijani, akawaeleza kwamba ameyanunua dukani yakiwa yametoka nchi ya mbali.

Wazazi hufurahi na wadogo zake hustaajabu. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: kiumbe huyu ametoka wapi, na ana haki gani juu ya mtu aliyemnunua? Hilo ndilo tutakalolitazama leo, inshaallah.

Si jiwe, ni kiumbe hai

Watu wengi hudhani kwamba tumbawe ni jiwe, na wengine hudhani ni mmea. Ukweli ni kwamba tumbawe ni mnyama, wa jamaa moja na konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha ngozi za waogeleaji. Kile tunachokiona kama jiwe ni mifupa, au tuseme ni mji uliojengwa na wanyama wadogo wengi waitwao polipu. Kila polipu ana mdomo uliozungukwa na mikono midogo ya kunasia chakula. Huchota chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kuigeuza kuwa kikombe kigumu cha kukalia. Polipu hujigawa, vikombe vikaongezeka, na mji ukakua.

Ndani ya mwili wa polipu huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Naye polipu huupa mwani hifadhi. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, hata kwa nyuzi moja tu juu ya kile kiwango cha juu kilichozoeleka, ushirika huo huvunjika. Mwani hutoka, tumbawe likabaki jeupe, na lisipopata nafuu mapema hufa kwa njaa. Ametakasika Mwenyezi Mungu aliyewafungamanisha viumbe wawili dhaifu kwa namna hii, wakajenga miamba inayozuia mawimbi ya bahari kuu.

Kazi hiyo huchukua muda. Matumbawe ya matawi hukua upesi, lakini yale ya mviringo yaitwayo Porites huongezeka takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Tumbawe la aina hiyo lenye ukubwa wa mpira wa miguu ni kazi ya miaka kumi hivi. Mwenye nyundo na patasi huling'oa kwa dakika chache.

Katika Surat Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Na katika Surat Ar-Rahman, aya ya 22, ameyataja marjani pamoja na lulu miongoni mwa neema zitokazo baharini. Wafasiri wamehitilafiana juu ya neno hilo: wapo waliosema ni lulu ndogo, na wapo waliosema ni ile marijani nyekundu inayofanywa vito. Kwa kauli zote mbili, kinachotajwa ni neema, na neema ina masuala mbele ya Mola.

Wazee wa pwani na matumbawe

Mtu asije akadhani kwamba dini yetu inakataza kabisa kutumia kitu kinachotoka mwambani. Uislamu wa pwani yetu umejengwa juu ya matumbawe kwa maana halisi ya neno hilo. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika tumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani nao ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Mafundi wa zama hizo waliyatoa matumbawe ya Porites baharini yakiwa bado mabichi na laini, wakayachonga mihrabu, kisha yakakauka na kuwa magumu. Kazi ya mikono yao tunaiona hadi leo.

Kwa hiyo hatuzungumzii uharamu wa kitu chenyewe. Tunazungumzia namna kinavyopatikana, makusudio ya kukichukua, na hali ya mahali kinapotolewa.

Hali hiyo imebadilika mno. Katika pwani ya Tanzania, uvuvi wa baruti ulianza kushuhudiwa miaka ya 1960 na ukaendelea kwa miongo mingi kabla ya kudhibitiwa kwa kiasi kikubwa katika miaka ya karibuni. Baruti moja huua samaki wakubwa na wadogo, na huacha mwamba ukiwa kifusi. Mahali pengine matumbawe yalichomwa katika matanuri ili kupata chokaa ya ujenzi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kali, na matumbawe mengi kuanzia Kenya hadi Tanzania na visiwa vya jirani yakapauka na kufa. Mpauko mkubwa ulirudi mwaka 2016, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba dunia imo katika mpauko wa nne wa aina hiyo. Zimekuwapo juhudi za kuokoa kilichobaki: mwamba wa Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995.

Hili linamhusu nini mtu wa Mwandoya? Miamba ya matumbawe imechukua sehemu ndogo sana ya sakafu ya bahari, chini ya asilimia moja, lakini takriban robo ya aina zote za samaki wa baharini huitegemea katika kipindi fulani cha maisha yao. Mwamba ukifa, mvuvi wa Mafia au Pemba hana tena cha kuwalisha watoto wake, kama vile mfugaji wa Meatu asivyo na cha kuwalisha wake malisho yanapokauka.

Safari ya kutoka mwambani hadi kwenye kioo

Biashara ya matumbawe hai kwa ajili ya matangi ya nyumbani ni biashara ya dunia nzima. Indonesia ndiyo imekuwa muuzaji mkubwa kuliko nchi nyingine, na Australia nayo imo. Mnunuzi mkubwa ni Marekani, ikifuatiwa na nchi za Ulaya. Tumbawe hukatwa au kung'olewa, hutiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji ya bahari na hewa, hupangwa ndani ya boksi lisilopitisha joto, kisha husafirishwa kwa ndege. Mengine hufika salama, mengine hufia njiani au siku chache baada ya kufika.

Matumbawe magumu yamewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kwa jina la CITES, ambao ulianza kutumika mwaka 1975. Tanzania ni mwanachama wake. Mkataba haukupiga marufuku biashara hiyo, bali umetaka kila mzigo unaovuka mpaka uwe na kibali. Kibali hicho huwa na herufi inayoeleza asili ya kiumbe: W maana yake ametolewa katika mazingira yake ya asili, C au F maana yake amezalishwa mikononi mwa binadamu. Herufi moja hiyo humfahamisha mnunuzi kama anachukua kipande kilichokuzwa shambani, au anachangia kuubomoa mwamba.

Masharti haya hayahusu matumbawe hai peke yake. Hata lile jiwe jeupe lililokufa, linalouzwa ufukweni kama kumbukumbu, huhesabiwa ni tumbawe. Abiria anayelibeba kwenda kwa ndugu zake Ulaya bila kibali anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege na kutozwa faini.

Gharama ya kumweka hai

Sasa tulitazame tangi lenyewe. Ng'ombe akikosa malisho leo atavumilia hadi kesho. Tumbawe halina uvumilivu huo. Linahitaji maji yenye chumvi kiasi cha gramu 35 kwa kila kilo, joto la nyuzi 24 hadi 27 usiku na mchana, na chokaa iliyoyeyuka, yaani kalisi, ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Linahitaji taa maalumu badala ya jua, na pampu za kuyasukuma maji badala ya mawimbi. Maji ya bomba au ya kisima hayafai mpaka yachujwe madini yake yote, kisha ndipo yatiwe chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Tangi jipya haliwekwi tumbawe siku ya kwanza. Husubiriwa wiki kadhaa mpaka bakteria wazaliane, wale wanaoigeuza sumu ya uchafu kuwa kitu chenye madhara madogo. Maji yanapopungua kwa joto, kinachopotea ni maji na chumvi hubaki. Kwa hiyo huongezwa maji baridi yasiyo na chumvi, na anayeongeza ya chumvi huwaua viumbe wake kwa kutojua. Umeme ukikatika, pampu husimama, hewa hupungua majini, na katika saa chache viumbe huanza kufa.

Ndiyo maana mtu wa Mwandoya hashauriwi kuanzisha tangi la namna hii hapa nyumbani. Huku wakati wa kiangazi akina mama huchimba mchanga wa mto ili wapate ndoo moja ya maji, na mifugo husubiri zamu lamboni. Lakini kijana wetu aliye Muscat au London, penye umeme wa uhakika na maduka ya vifaa, analo la kujiuliza: je, nina elimu hii? Nina muda huu kila siku? Nikisafiri kuja kuwaona wazazi kwa mwezi mzima, nani atayaangalia?

Dini inasemaje?

Msingi wa ruhusa upo. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (RA) kwamba mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr alikuwa na ndege mdogo akicheza naye, na Mtume (SAW) alikuwa akimliwaza mtoto huyo kwa upole baada ya ndege wake kufa. Wanazuoni, miongoni mwao Ibn Hajar al-Asqalani, walichukua kutoka katika Hadithi hiyo ruhusa ya kumweka ndege tunduni. Kwa kukisia, tangi la kioo lina hukumu iliyo karibu na ya tundu.

Lakini ruhusa hiyo ina mpaka, na mpaka wake unajulikana. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Hakumpa chakula, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Mwanamke yule hakulaumiwa kwa kufuga paka. Alilaumiwa kwa sababu alimwondolea kiumbe uwezo wa kujilisha, kisha asibebe mzigo wa kumlisha. Anayemtoa polipu baharini, ambako jua na mawimbi vilimlisha bila malipo, na kumweka ndani ya kioo, amejitwika mzigo huohuo.

Ipo pia Hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Masuud (RA). Masahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda mawili ya ndege. Mama yao akaja akipapatika. Mtume (SAW) alipomwona aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa kumchukulia watoto wake, akaamuru warudishwe. Walioyachukua makinda yale walikuwa watu wema, na hawakukusudia ubaya. Hata hivyo waliulizwa.

La tatu ni israfu. Qur'ani katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, inaturuhusu pambo na inatukataza kupita kiasi kwa wakati mmoja. Pambo la nyumba si dhambi. Lakini ikiwa kijana anatumia mshahara wa miezi kununua matumbawe, na huku Mwandoya mama yake anaazima fedha ya dawa, au mdogo wake amerudishwa shuleni kwa kukosa sare, basi pambo lile limetangulia mahali lisipostahili. Haki ya wazazi na ndugu wa karibu haingojei tangi lijae.

La nne ni kutodhuru wala kudhuriana, kanuni kubwa ya fikihi iliyojengwa juu ya Hadithi aliyoipokea Ibn Majah na wengineo. Ikiwa raha ya sebule ya mtu mmoja inatokana na mwamba uliobomolewa, na mwamba huo ulikuwa riziki ya kijiji cha wavuvi, dhara hiyo ina wenyewe, hata kama mnunuzi hatawaona maishani mwake.

Somo la mnadani

Katika jambo hili watu wa Mwandoya hawahitaji mwalimu kutoka mbali. Nenda mnadani siku ya mnada. Mtu mzima mwenye akili hanunui ng'ombe kwa kutazama pembe na unene tu. Huuliza ametoka kwa nani, huitazama alama yake, na huhitaji kibali, kwa sababu anajua kwamba bei nafuu ya ng'ombe asiye na asili ni bei ya matatizo. Usukuma ilisumbuliwa na wizi wa mifugo kiasi kwamba miaka ya 1980 wananchi waliunda Sungusungu ili wajilinde. Kila mtu alielewa kwamba mwizi haibi ili afuge. Huiba kwa sababu yupo mnunuzi asiyeuliza.

Hukumu ya sheria juu ya mali ya wizi iko wazi: anayenunua huku akijua ameshirikiana na mwizi. Na anayefumba macho kwa makusudi ili asijue, huyo naye ajihadhari na nafsi yake. Basi hekima ile ile ya mnadani na iingie katika duka la matumbawe. Mzee wa Mwandoya ambaye hajapata kuiona bahari anao uwezo kamili wa kumuuliza mwanawe kwa simu: "Mwanangu, huyo kiumbe wako ana kibali? Alitolewa wapi?" Swali hilo ni malezi.

Familia zifanye nini?

Kwanza, tuliache jiwe la tumbawe katika meza za ufukweni. Zawadi za pwani ni nyingi: ukili, mikeka, halua, karafuu. Mnunuzi akiacha kuuliza tumbawe, mvunjaji naye ataacha kulivunja.

Pili, anayetaka kununua matumbawe hai anunue vipande vilivyokuzwa, na adai kuona uthibitisho wa asili yake. Muuzaji asiyeweza kueleza, aachwe.

Tatu, ajifunze kabla ya kununua, na aanze na aina zinazostahimili. Elimu hutangulia amali.

Nne, kwa yule ambaye tayari anayo, haifai kuyatupa wala kuyamwaga katika bahari iliyo karibu naye. Samaki-chui wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, mwenye miiba yenye sumu, alianza kuonekana kwenye pwani ya Florida miaka ya 1980, na wataalamu wanaamini alitoka katika matangi ya watu; leo ameenea Karibi nzima na kuwaangamiza samaki wa huko. Asiyeweza kuyatunza amkabidhi anayeweza.

Tano, Mwenyezi Mungu ameyapa matumbawe uwezo ambao mifugo yetu haina: tawi likikatwa na kupandikizwa vizuri, huota na kuwa tumbawe jipya. Mwenye kuyatunza vyema anaweza kuwagawia wengine vipande, nao wasihitaji kile kilichong'olewa mwambani. Hapo pambo huwa manufaa, na inatarajiwa kuwa na ujira kwa mwenye nia njema.

Ndugu Waislamu, Surat Ar-Rum, aya ya 41, inatuambia kwamba uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mikono hiyo si ya mvunjaji peke yake. Mkono unaotoa fedha dukani nao ni mkono, na Siku ya Kiyama mtu ataulizwa mali yake aliipata wapi na aliitumia katika nini. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana zake, atupe rizki ya halali, na awalinde watoto wetu walio mbali na nyumbani. Amin.

Wabillahi tawfiq.